Etheneti inapoteza paketi: achana na urefu wa njia, angalia graundi

Ndugu msomaji wa Mwanza ameuliza hivi, nafupisha: "Nimetengeneza bodi ya kusoma mita za maji, ina ESP32, chipu ya Etheneti LAN8720A na osileta ya megahezi 50 inayolisha kloku chipu zote mbili. Bodi ni ya leya mbili, unene 1.6 mm. Nimekesha nalinganisha urefu wa njia za RMII (zinazobeba data kati ya chipu hizo mbili), nimezikunja kunja mpaka tofauti iko chini ya 0.1 mm. Linki inawaka ila paketi zinapotea nyingi, na nikichomeka waya mrefu wa sensa hali inakuwa mbaya zaidi. Halafu redio ya FM iliyoko mezani, nikiwasha bodi stesheni za karibu na 100 zinafunikwa. Je, nibane urefu zaidi? Nitoe kona za digrii 90? Na upana wa njia uwe ngapi?" Ametuma na picha za leya zote mbili.

Kaka asante sana kwa picha, maana maswali ya namna hii bila picha mtu anabahatisha tu. Nimeziangalia vizuri. Jibu la haraka: urefu wa njia zako hauna shida yoyote, usiuguse tena. Shida iko leya ya chini, pale ulipopitisha njia ya volti 3.3 kutoka kwenye regyuleta kwenda ESP32. Ile njia imekata graundi (shaba ya pamoja ambayo mkondo unarudia) vipande viwili, na juu yake zinapita njia zako zote saba za RMII, kloku ikiwemo. Paketi zinapotea hapo. Na redio nayo inafunikwa kwa sababu hiyohiyo, na waya wa sensa pia, yote matatu ni ugonjwa mmoja.

Tuanze na urefu ili tuumalize, maana naona ndo umekula usiku wako. Kwenye bodi za kawaida za FR-4 (zile za nyuzi za glasi) signali inatembea milimita 150 hivi kwa nanosekunde moja, zile za leya ya juu zinawahi kidogo, kwa hiyo kila milimita inakula pikosekunde 6 hadi 7. Kloku yako ni megahezi 50, mzunguko mmoja ni nanosekunde 20. RMII inataka data iwe imetulia nanosekunde 4 kabla ya ukingo wa kloku na ibaki hivyohivyo nanosekunde 2 baada ya ukingo. Sa piga hesabu: njia mbili zikitofautiana milimita 10 nzima, tofauti ya muda ni pikosekunde 65. Zikitofautiana sentimita tatu unapata nanosekunde 0.2. Hata ukikumbuka kwamba chipu zenyewe zinakula sehemu kubwa ya zile 20, bado milimita moja kwenye RMII ni kitu ambacho risiva, yaani pini inayopokea, haiwezi hata kukihisi, na hiyo 0.1 mm ndo kabisa. Mikunjo ile imekuletea hasara tu: njia zimerefuka bila sababu, zimebanana, na kila mkunjo umekaa ubavuni mwa mwenzake vinavujiana. Bodi mpya uzichore zinyooke, fupi, zenye nafasi.

Kulinganisha urefu kuna mahali pake, sikatai. DDR3 ya 1600 (memori ya kompyuta) biti moja ina pikosekunde 625, USB 3 ya gigabiti 5 biti moja ni pikosekunde 200, PCIe kizazi cha tatu (njia ya kadi za kompyuta) ni 125. Huko milimita kumi inakumaliza, na watu wanaofanya bodi hizo ndo wanaoandika miongozo tunayoisoma, afu mtu anachukua kanuni ya DDR anaileta kwenye RMII. Kabla hujakunja njia yoyote jiulize biti yangu ina muda gani na milimita hizi ni asilimia ngapi ya huo muda, ukipata chini ya asilimia moja achana nayo.

Sasa utauliza, kama megahezi 50 ni polepole kiasi hicho, kwa nini nahangaika na mambo ya signali za kasi? Ni hivi: kasi ya signali haipimwi kwa megahezi za kloku, inapimwa kwa ukali wa ukingo, yaani inachukua muda gani kupanda toka sifuri mpaka volti 3.3. Chipu za siku hizi zinapanda ndani ya nanosekunde moja au chini ya hapo, hata kama unazitumia kuwasha taa mara moja kwa sekunde. Ukingo wa nanosekunde 1 una nguvu mpaka kwenye megahezi 350 hivi, gawa 0.35 kwa muda wa kupanda ndo unapata hiyo. Na kanuni ambayo wengi tunaitumia ni kwamba signali ikichukua zaidi ya moja ya sita ya muda wa kupanda kufika upande wa pili, hiyo njia ushughulike nayo kama njia ya mawimbi, siyo waya tena. Kwa nanosekunde 1 ni milimita 25. Njia yako ya kloku ina milimita 70 na matawi mawili. Umeshaingia huko kitambo.

Mambo haya ni ya zamani kuliko bodi za saketi zenyewe. Kebo ya telegrafu ilifika Zanzibar mwaka 1879 ikitokea Aden kupitia chini ya bahari, na ni kwa ajili ya nyaya za telegrafu Oliver Heaviside, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa telegrafu, aliandika milinganyo inayoeleza wimbi linavyosafiri kwenye nyaya mbili. Nyaya mbili, sio moja. Milinganyo ileile ndo iko ndani ya kikokotoo cha impidansi (ukinzani ambao wimbi linaukuta kwenye njia) unachofungua leo kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi.

Hapo kwenye mbili ndo nataka ukae. Signali kwenye bodi haina njia moja, ina ya kwenda na ya kurudi, na ya kurudi ndo hukuichora. Programu inakuonyesha njia ya kwenda kwa rangi nzuri, ya kurudi inakuachia useme "graundi" basi. Lakini mkondo unaotoka kwenye pini ya TXD0, mojawapo ya pini za kutuma data, lazima urudi kwenye chipu ilikotoka, na unarudi muda uleule, hausubiri wa kwanza ufike kwanza. Kwa mkondo wa taratibu, betri kwa mfano, unasambaa kwenye shaba yote ukitafuta ukinzani mdogo. Ukishapita kilohezi mia kadhaa kwenda juu kinachotawala ni induktansi (ukaidi wa njia dhidi ya mkondo unaobadilika haraka), na induktansi ndogo kabisa inapatikana mkondo wa kurudi ukipita chini kabisa ya ule wa kwenda, umeukumbatia. Kama njia iko kimo fulani juu ya graundi, nusu ya mkondo wa kurudi iko ndani ya kimo hichohicho kila upande, na asilimia 80 iko ndani ya mara tatu ya kimo. Kwa hiyo njia ikipinda nao unapinda, ikiruka leya nao unataka kuruka, na ukikuta shaba imekatika hauwezi kuruka, unazunguka kama gari lililokuta daraja limebomoka.

Njoo kwenye picha yako sasa. Ile njia ya 3.3 leya ya chini ina urefu wa milimita 40 hivi, na RMII inaivuka katikati. Mkondo wa kurudi wa kila njia unafika pale, unakuta mkato, unakwenda pembeni milimita 20 mpaka mwisho wa mkato, unavuka, unarudi milimita 20 nyingine. Na zote saba zinazunguka mlemle, kona ileile. Hapo hata njia ziwe zimeachana vipi kule juu, chini zinatumia kipande kimoja cha shaba kurudi, kwa hiyo kelele ya moja ni kelele ya zote.

Hesabu ya haraka ili uone ukubwa wake. Tuseme mzunguko ule unaongeza nanohenri 20 tu. Njia moja inapobadilika inasukuma labda miliampea 20 ndani ya nanosekunde 1. Zidisha: volti 0.4. TXD0, TXD1 na TX_EN zikibadilika kwa pamoja, ambayo inatokea kila wakati, unakaribia volti 1.2 kati ya graundi ya upande huu na graundi ya upande ule, kwa muda mfupi sana lakini ipo. Na pini za volti 3.3 zinasoma sifuri mpaka 0.8 na moja kuanzia 2.0. Umeona sasa paketi inavyoharibika wakati kila njia imepimwa kwa usahihi wa 0.1 mm?

Hiyo volti iliyoko kati ya vipande viwili vya graundi ndo inakuletea na redio. Angalia konekta zako: RJ45 iko upande wa kushoto wa mkato, terminali za sensa ziko kulia. Kwa hiyo kebo ya mtandao imeshikwa kwenye graundi moja, waya wa sensa kwenye graundi nyingine, katikati kuna chanzo cha kelele kinachoruka kwa mpigo wa megahezi 50. Hiyo ni antena kamili, mikono miwili na chanzo katikati. Ndo maana ukichomeka waya mrefu wa sensa hali inazidi, umerefusha mkono wa antena. Na mara mbili ya 50 ni 100, ambayo iko katikati ya bendi ya FM inayoanzia 88 mpaka 108. Kloku ambayo nusu zake mbili hazilingani sawasawa inatoa hiyo 100 na redio inaidaka kuliko stesheni yenyewe. Usidhani inahitaji nguvu nyingi: waya wa mita 1 ukiwa na mikroampea 5 tu za namna hii kwenye megahezi 50, ukipima mita 3 kutoka hapo tayari unagusa mikrovolti 100 kwa mita, ambacho ndo kikomo cha Marekani kwa vifaa vya nyumbani kwenye masafa hayo. Mikroampea tano! Kwa hiyo usiitupe hiyo redio, ni kipimo kizuri, utaitumia baadaye.

Dawa ya huo mkato ni kuutoa, hakuna ujanja mwingine. Kwenye leya mbili chukulia leya ya chini ni ya graundi peke yake, kila kitu kikae juu, pamoja na 3.3, ipitishe pembeni ikiwa nene, weka kapasita za nanofaradi 100 karibu na kila pini ya umeme. Ikikubana kabisa na lazima njia moja ivuke nyingine, tumia resista ya sifuri omu kama daraja juu, bei yake ni ndogo mno na haikati graundi. Na kama hata hilo limeshindikana, shuka chini kwa via (katundu kenye shaba kanakounganisha leya), vuka kwa milimita nne tano, panda tena juu, na hiyo sehemu isiwe chini ya njia yoyote ya kasi. Kinachoua ni mkato mrefu chini ya signali, kamkato ka milimita tano pembeni hakana neno.

Ila ushauri wangu wa kweli kabisa, nenda leya nne. Najua unafikiria gharama, lakini kwa bodi ndogo kama hiyo tofauti ya bei imepungua sana, na mara nyingi usafirishaji mpaka kukufikia ndo unakula hela kuliko bodi yenyewe. Sababu yangu siyo mtindo, ni umbali kati ya njia na graundi. Kwenye bodi yako umbali huo ni 1.5 mm na ushee. Kwenye leya nne za kawaida, kutoka leya ya kwanza mpaka ya pili ni 0.2 mm hivi. Namba hiyo moja ndo inabadilisha karibu kila kitu nitakachosema kuanzia hapa.

Upana kwanza, kwa sababu uliuliza. Njia yako ya 0.25 mm juu ya graundi iliyoko 1.5 mm chini ina impidansi ya omu 130 na kitu. Ukitaka omu 50 kwenye bodi hiyo unahitaji upana wa karibu milimita 3, ambao hauwezi hata kuingia kwenye pini ya LAN8720A. Kwenye leya nne zenye 0.2 mm unapata 50 kwa upana wa 0.35 mm hivi, kitu kinachochoreka. Namba kamili uichukue kwa kiwanda unachoagizia, kila kiwanda kina unene wake wa tabaka la glasi na wengi wana kikokotoo chao, tumia hicho.

Halafu kuvujiana. Kuna kadirio la zamani la kiasi gani njia moja inamwagia jirani yake zikienda sambamba kwa mrefu, ni kikomo cha juu siyo kipimo, lakini linaonyesha picha vizuri: chukua umbali kati ya katikati ya njia hizo, gawa kwa kimo juu ya graundi, zidisha kwa yenyewe, ongeza 1, afu gawa 1 kwa hiyo jumla. Umeziachanisha 0.5 mm. Kwa kimo cha 1.5 unapata 0.9, yaani zile njia ni kama zimeshikana mikono. Kwa kimo cha 0.2, nafasi ileile ya 0.5, unapata 0.14. Ziachanishe milimita 1 unashuka mpaka 0.04. Hujaongeza chochote, hujaweka njia za graundi katikati kama wengine wanavyofanya, umesogeza tu graundi karibu. Mi nikimkuta mtu anahangaika na kelele kwenye leya mbili swali langu la kwanza siku zote ni hilo, graundi iko mbali kiasi gani.

Mpangilio wa leya nne ninaokushauri ni signali juu, graundi, graundi, signali chini, na 3.3 uimwage kama bapa kwenye leya za nje sehemu inapohitajika. Wengi wanaweka leya ya tatu iwe ya umeme, na inafanya kazi, lakini hapo njia ikishuka toka leya ya juu kwenda ya chini mkondo wake wa kurudi unatakiwa uhame toka graundi kwenda kwenye 3.3 na hakuna via inayoweza kuunganisha hizo mbili, inabidi upitie kapasita. Ukiwa na graundi mbili unaweka tu via ya graundi ubavuni mwa via ya signali, milimita moja hivi, mkondo wa kurudi unashuka hapohapo. Kila via ya signali ya kasi iwe na ya graundi karibu yake.

Sasa kloku, hiyo ndo njia muhimu kuliko zote kwenye bodi yako na ndo umeichora kwa haraka kuliko zote. Inatoka kwenye osileta, inakwenda milimita 30, inagawanyika tawi moja ESP32 tawi jingine LAN8720A, hakuna resista hata moja. Nikuonyeshe kinachotokea. Tuseme pini ya osileta ina ukinzani wa ndani wa omu 10 na njia ni ya omu 50, tuache matawi kwanza. Wimbi la kwanza linaloingia kwenye njia ni 3.3 mara 50 gawa kwa 60, sawa na volti 2.75. Linafika kwenye pini ya risiva ambayo ni kama mwisho ulio wazi, haivuti mkondo, kwa hiyo wimbi linarudi lote kama mwangwi na pale kwenye pini volti zinajumlishana: 5.5. Mwangwi unarudi kwenye osileta, unakutana na omu 10, theluthi mbili yake inageuzwa ishara na kutumwa tena mbele, hasi 1.83, inafika kwenye risiva inajikunja tena mara mbili, na volti pale inaanguka toka 5.5 mpaka 1.83. Hiyo iko chini ya 2.0! Risiva imeona ukingo, imeona kashimo, na inaweza kuona ukingo wa pili. Kloku moja imehesabiwa mbili. Kwenye chipu halisi diodi za ndani zinakata kile kilele cha 5.5 na ukingo hauko mkali kama kwenye hesabu, ila mchezo ni huohuo.

Weka resista ya omu 39 karibu kabisa na pini ya osileta, milimita mbili tatu. Sasa 10 na 39 ni 49, karibu sawa na njia. Wimbi la kwanza linakuwa nusu, 1.65, linafika mwisho linajikunja kuwa 3.3 safi, mwangwi unarudi unameng'enywa na resista, kimya. Resista moja tu. Kwako ambako kuna risiva mbili usigawe njia katikati, igawe palepale kwenye pini ya osileta, kila tawi na resista yake, na matawi yawe na urefu unaokaribiana. Kwa kuwa pini moja inasukuma njia mbili, hesabu inakuwa 50 toa mara mbili ya 10, unabaki na 30, kwa hiyo 33 inatosha. Osileta yenyewe ihamishie katikati ya hizo chipu mbili, sasa hivi iko kona. Kwenye njia za data pia weka 33 upande wa anayetuma, yaani TXD0, TXD1 na TX_EN karibu na ESP32, RXD0, RXD1 na CRS_DV karibu na LAN8720A. Mtu akiziweka upande wa anayepokea zote zinakuwa pambo.

Jozi za Etheneti zenyewe, zile zinazotoka LAN8720A kwenda kwenye transfoma ya RJ45, ni omu 100 kati ya nyaya mbili, na zile resista nne za 49.9 zikae karibu na chipu. Hapa ulifanya vizuri kuziweka fupi. Usijali sana milimita moja mbili za tofauti ndani ya jozi, alama moja ya megabiti 100 ina nanosekunde 8, lakini zichore kwa usawa, zipite pamoja, kona zilezile, maana jozi ikipoteza usawa sehemu ya signali inageuka kuwa kelele inayotoka na kebo. Graundi iishie kwenye transfoma, chini ya upande wa kebo iache tupu.

Kona za digrii 90, hazina shida kwako. Zinaongeza kapasitansi kidogo sana ambayo ukingo wa nanosekunde 1 hauoni, ni mambo ya gigahezi nyingi. Chora 45 kwa sababu bodi inapendeza na njia inakuwa fupi, basi.

Kabla hujaagiza bodi mpya thibitisha kwanza kwenye hiyo uliyonayo, usiamini maneno yangu tu. Kwangua rangi ya kijani pande zote mbili za ule mkato, pale hasa RMII inapovuka, bandika kipande cha tepu ya kapton, isiyopitisha umeme, juu ya njia ya 3.3 ili isishike, halafu lala juu yake tepu ya shaba pana na uichomelee graundi pande zote mbili, mistari mirefu ya risasi, siyo tone moja. Kata njia ya kloku karibu na osileta uweke resista hapo. Kwenye hii bodi usiweke 33, njia yako ni omu 130, jaribu 100. Halafu piga pingi (paketi za majaribio zinazosubiri jibu) elfu moja zenye paketi kubwa, kabla na baada, ulinganishe zilizopotea, na usogeze redio yako kwenye 100 usikilize stesheni inarudi kiasi gani. Vyote viwili vikipungua pamoja umeshajua ni mkato.

Ukitumia skopu, kile kipimo kinachochora mawimbi ya umeme, kuwa makini nayo. Ya megahezi 100 yenyewe inachukua nanosekunde 3.5 kupanda, kwa hiyo ukingo wa nanosekunde 1 hauonekani kabisa, utaona kitu laini kizuri na utadhani bodi haina ugonjwa. Na ule waya mrefu wa graundi wenye kibanio cha mamba unaleta mitetemo yake mwenyewe, utahangaika kutibu ugonjwa wa probu. Toa kile kibanio, tumia kispringi kifupi kinachokuja na probu, gusa graundi milimita chache kutoka kwenye pini unayopima.

Ukishamaliza kuchora mpya, zima leya zote kwenye KiCad ubaki na graundi pamoja na njia moja tu ya kasi, ifuatilie kwa kidole toka mwanzo mpaka mwisho ukiangalia shaba iliyoko chini yake, ukikuta shimo, mkato, au safu ya via zilizobanana mpaka zimetengeneza ufa, simama urekebishe. Afu njia inayofuata. Kwa njia saba hizo ni dakika chache.

Na kuna jambo hukuuliza ila nimeliona kwenye skimatiki: kloku ya megahezi 50 umeipeleka GPIO0 ya ESP32, ambayo ni sahihi, lakini pini hiyohiyo inasomwa wakati wa kuwaka ili kuamua kama chipu iingie kwenye hali ya kupakiwa programu. Kloku ikiwa inaruka tayari wakati huo, mara itawaka mara itakwama. Pini ya kuwezesha ya osileta iunganishe na GPIO16, weka resista ya kuivuta chini ili osileta ibaki imezimwa, halafu programu yako iiwashe yenyewe ikishaanza kufanya kazi, kabla ya kuita Etheneti.